Mtaa, Barabara na Ujazo: Mji wa Dar es Salaam katika Msamiati Wetu

Wanafunzi wa fonolojia wanalijua neno *barabara* kwa sababu ya mkazo wake. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, neno humaanisha njia kuu; ukisogea nyuma silabi moja, humaanisha sawasawa, bila kasoro. Katika mhadhara huu nitalitumia neno hilo pamoja na mengine mawili, *msongamano* na *mtaa*, kueleza jambo moja la mipango miji: wingi wa watu peke yake hauusonganishi mji. Kinachoamua ni jinsi ardhi ilivyogawanywa baina ya njia na nyumba kabla watu hawajaijaza.

Tuanze na *msongamano*. Neno hili hulitumia mwandishi wa habari anapotaja foleni ya magari, na hulitumia pia mwanajiografia anapohesabu watu kwa kilomita ya mraba. Kwa hiyo kila penye watu wengi tunapasikia kuwa pana ugonjwa. Maofisa ardhi wa Tanzania wamekuwa waangalifu zaidi. Wao husema viwanja vya *ujazo* mkubwa, wa kati na mdogo. *Ujazo* hauhukumu, na ndiyo istilahi nitakayoifuata.

Ama *mtaa*, hilo ni neno lenye hekima ya kale. Tunasema Mtaa wa Kongo tukimaanisha njia, na tunasema mwenyekiti wa mtaa tukimaanisha eneo na wakazi wake. Lugha haikuona haja ya kutenganisha. Ukienda Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar utaona sababu. Vichochoro huko vilipimwa kwa mtu na punda, nyumba zikapanda ghorofa mbili na tatu, na mahali pengine jirani akajenga *wikio*, chumba kinachopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili. Ujazo ni mkubwa. Hata hivyo kichochoro hutokea katika kichochoro kingine, na mwenda kwa miguu hapotezi muda.

Dar es Salaam ilikua kwa namna nyingine. Njia kuu nne, yaani ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa, zilitoka mjini kama vidole vya mkono, na makazi yakazifuata. Nadhani mfano wa kuti la mnazi unafaa zaidi: pana uti mmoja na chane nyingi zisizokutana nchani. Kwa miaka mingi, abiria wa daladala aliyetoka Kimara kwenda Mbezi Beach alirudi kwanza Ubungo, akapita Mwenge, ndipo akaanza tena kutoka nje ya mji. Mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yaliuimarisha uti. Chane zimebaki kuwa kazi ya bodaboda.

Baina ya chane hizo ndimo ujazo unamozaliwa bila njia. Mwenye shamba huuza vipande, akiacha kijia cha mguu. Kipande cha nyuma ni rahisi kwa sababu gari halifiki, basi hununuliwa na asiye na kitu kikubwa. Kila mmoja ana sababu ya kusogeza ukuta wake shubiri moja kijiani. Hakuna mwenye sababu ya kuurudisha. Baada ya miaka ishirini, gari la zimamoto haliingii, gari la kunyonya maji machafu haliingii, na mgonjwa hubebwa mikononi hadi barabarani. Aliyezoea Manzese au Tandale hahitaji maelezo zaidi.

Mfano wa kinyume uko karibu. Kariakoo, ambayo jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilipimwa kwa mitaa inayokatana kama nyuzi za wavu. Viwanja vilikusudiwa nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Leo juu ya viwanja hivyo hivyo yamesimama maghorofa, na mitaa, japo imeelemewa, ingali inapitika. Sinza nayo ilipimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wakati mradi huo huo ukiboresha Manzese, iliyokwisha kujengwa. Guy Michaels na wenzake walilinganisha maeneo ya aina hizo mbili katika miji saba ya Tanzania. Makala yao ya mwaka 2021 yaonyesha kuwa nyumba za maeneo yaliyopimwa kwanza ndizo bora.

Shirika la UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, limependekeza njia zichukue angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji, na urefu wake ufike kilomita 18 katika kila kilomita ya mraba, kwa watu wasiopungua 15,000. Hesabu ni nyepesi: mitaa tisa kwenda kusini na tisa kwenda magharibi, kila mmoja mita 110 hivi kutoka kwa mwenzake. Ni kipimo cha mwenda kwa miguu.

Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu milioni 2.5 mwaka 2002 na milioni 5.4 mwaka 2022, hivyo njia nyingi zinatafutwa baada ya nyumba. Mwaka 2017, kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba zilibomolewa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, mita 121.5 kila upande. Huo ulikuwa upanuzi wa uti. Kwa upande wa chane, zoezi la urasimishaji huwataka wakazi wenyewe waachie sehemu za viwanja vyao, kwa kawaida bila fidia. Hapo mwenye nyumba ya konani hupoteza chumba, na wa nyuma yake, ambaye hakutoa kitu, huona thamani ya kiwanja chake ikipanda siku gari la kwanza linapofika mlangoni. Kikao cha mtaa kisichomtoza huyu ili kumlipa yule hakina budi kutarajia ukuta urudi ulipokuwa.