Mama, damu ikirudi usinywe mizizi

Mama, kati ya miaka 45 na 55 damu ya mwezi inakatika. Joto linapanda usoni, usiku jasho linalowanisha shuka, usingizi unakimbia. Si ugonjwa, wala si ulozi. Na wewe bwana, usikasirike: mke wako hajakuchoka.

Chai ya sitroneli jioni haina ubaya. Soya ina kitu kinachofanana kidogo na homoni ya mwanamke. Wengine wanaona joto limepungua, wengine hawaoni tofauti. Ila mizizi ya sokoni ambayo hujui jina lake wala kipimo chake, uiache, zaidi ukiwa na tansiyo: inaweza kugombana na vidonge vyako. Wala usiweke majani ndani ya uke. Kwa umri huu ngozi ya pale imekuwa kavu na nyembamba, inachubuka upesi.

Lakini sikia hili vizuri. Ukimaliza miezi 12 bila damu, kisha damu ikarudi, hata tone moja, usinywe dawa ya miti ili kuikausha. Mara nyingi sababu ni ndogo. Mara nyingine ni kansa ya kizazi, na ikionekana mapema inaweza kutibiwa ikapona. Uende hospitali juma hilo hilo, na umwambie daktari majani yote uliyokunywa, bila haya.