Dawa ni moja, damu si moja

Jirani yako alimeza dawa akapona. Wewe unameza hiyo hiyo, na baada ya siku mbili tatu mkojo unageuka rangi ya kola, macho yanakuwa manjano na kupanda ngazi kunakushinda. Hujarogwa. Pengine dawa yenyewe haina kasoro.

Chembechembe nyekundu za damu hukingwa na kimeng'enya kiitwacho G6PD. Wako waliozaliwa na upungufu wake, hasa palipo na malaria, kama vile Pwani na Magharibi mwa Kenya. Wanaume ndio huathirika zaidi. Wengi huzeeka bila kujua, mpaka wameze dawa kama dapsoni au primakwini. Hapo chembechembe hupasuka.

Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni, iliidhinishwa mwaka 2003. Ilikuwa ya bei nafuu, ikatumainiwa sana. Mwaka 2008 iliondolewa sokoni, majaribio yalipoonyesha jinsi ilivyowapunguzia damu wagonjwa wenye upungufu huu.

Siku hizi wataalamu wanahimiza tiba inayomlenga mtu binafsi: damu yako ipimwe kwanza, ndipo dawa iandikwe. Si mambo ya matajiri wa Ulaya pekee, kama wengine wanavyodhani.

Dapsoni ingali inatumika kutibu ukoma, na kwa baadhi ya wenye virusi vya Ukimwi wasiopatana na Septrin. Ukiandikiwa, uliza kama umepimwa G6PD. Daktari hana sababu ya kukasirika. Na mkojo ukigeuka mweusi, usimeze kidonge kingine. Rudi hospitalini siku hiyo hiyo, ukiwa na pakiti ya dawa mkononi.