KASHFA NA KIJITI CHA MTEGO

Neno la Kiingereza "slander", ambalo sisi hulifasiri kwa kashfa au masingizio, halikuzaliwa mahakamani. Lilizaliwa katika kazi ya kutega. Wayunani wa kale walikuwa na neno skandalon, nalo asili yake ni kile kijiti cha mtego kinachoshika chambo. Mnyama akikigusa, mtego hufyatuka. Neno hilo likaingia katika Kilatini kwa njia ya vitabu vya dini, likiwa na maana ya kikwazo. Likapita Ufaransa, na Waingereza wakalipokea kwa Wafaransa waliowatawala tangu mwaka 1066. Kwa hakika walilipokea mara mbili: moja likawa "scandal", yaani fedheha, la pili likawa hilo tunalolizungumzia.

Mvuvi wa pande za Ras Mkumbi, ambako Wajerumani walijenga mnara wa taa mwaka 1892, hahitaji kamusi ili aelewe jambo hili. Analijua dema. Samaki huingia mwenyewe, na mlango uliompokea ndio unaomkatalia kutoka. Aliyezuliwa neno hukaa vivyo hivyo: akinyamaza, huambiwa amekiri; akijitetea, huulizwa mbona ana haraka. Na kwa kuwa Ras Mkumbi iko ncha ya kaskazini na makao makuu ya Wilaya yako Kilindoni, mara nyingi neno hufika ofisini kabla ya mwenyewe kupata gari. (Kisiwa chetu chenyewe kinaonja adha hii: wageni hawakosi kulifungamanisha jina la Mafia na wahalifu wa Sisili, ilhali jina hili lilijulikana baharini karne nyingi kabla ya genge hilo kusikika.)

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulikuta hazina nyingine. Fitina, kwa mzizi wake wa Kiarabu, ni kuitia dhahabu motoni ili kuijaribu. Tukafundishwa pia kutenganisha mambo mawili: kumsema mwenzio, naye hayupo, kwa jambo la kweli asilopenda litajwe, hiyo ni ghiba, kumsema kwa jambo asilolitenda, hiyo ni buhtani. Sura ya Al-Hujurat inaifananisha ghiba na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Hapa ndipo chuo na sheria ya Kiingereza vinapoachana. Katika sheria hiyo, msemaji akithibitisha kuwa alilosema ni kweli, kwa kawaida huachiliwa. Chuoni, ukweli uliosemwa kisogoni haumwokoi msemaji.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. TANU iliwataka wanachama wake waahidi kusema kweli na kujiepusha na fitina, na CCM, iliyozaliwa tarehe 5 Februari 1977, ikairithi ahadi hiyo. Ahadi ni moja yenye pande mbili, lakini wako viongozi wanaokumbuka upande mmoja tu. Mwananchi akiuliza fedha za kijiji zimekwenda wapi, huitwa mfitini. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyofutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, iliihesabu kashfa ya maandishi kuwa jinai, na woga wa neno hilo bado umo vifuani mwa watu. Matokeo yake ni mabaya kuliko swali lenyewe: lililokatazwa barazani huhamia kwenye vibaraza vya maduka, na huko halina mtu wa kulijibu.

Kuuliza hesabu si kashfa. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji, na hapo ndipo pa kuulizana. Barua isiyo na jina inapofika Kilindoni ikimtaja mtunza fedha wa kijiji cha kaskazini, ofisi isianze kwa kumhamisha wala kwa kumsaka mwandishi. Mtunza fedha aitwe mbele ya mkutano, aje na daftari na stakabadhi, zisomwe kwa sauti.