Ukuta wa mtaa ni wa nani?

JE, msomaji, ukitoka nyumbani leo, ukuta wa kwanza utakaokutana nao umeandikwa nini? Huenda ni tangazo la sabuni au la kampuni ya simu. Huenda ni jina la mwanasiasa aliyeomba kura zamani na hajaonekana tena. Au pengine ni lile onyo tulilolizoea, kwamba ni marufuku kukojoa hapa.

Sisi wakazi wa mijini tunaishi katikati ya kuta zinazotuzungumzia kutwa kucha. Lakini ni nani aliyewahi kutuuliza tungependa zituambie nini?

Wapo waliolijibu swali hilo kwa rangi na brashi, na hatuhitaji kusafiri mbali kuwapata. Twende Kibera, Nairobi, pale reli inapopita katikati ya mabati.

Utakumbuka yaliyotokea baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia hizo kote nchini. Kibera, nyumba na vibanda viliteketezwa, na reli iendayo Uganda ikang'olewa. Majirani waliokuwa wakiombana chumvi waligeuka kuwa maadui.

Siku hizo za moto, mchoraji mmoja wa Kibera, Solomon Muyundo, ambaye wengi humwita Solo7, alitoka na rangi yake akaanza kuandika. Aliandika kwenye kuta, kwenye vibanda, popote palipokuwa na nafasi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: dumisheni amani. Mahali pengine aliandika kwa Kiingereza kwamba amani inatafutwa, na inatakiwa ikiwa hai, akiiga matangazo ya polisi ya kuwasaka wahalifu.

Solo7 ni wa kundi la Maasai Mbili. Kundi hilo lilianzishwa mwaka wa 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota, mafundi wa kuandika vibao vya maduka ambao walikuwa wakizunguka mtaani wamevalia kama Wamaasai. Hawakuwa wageni waliokuja kwa gari na kuondoka jioni. Kuta walizozipaka rangi ni za mtaa wao wenyewe. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Macho juu ya mabati

Je, mgeni hana lake? Analo, mradi awe tayari kusikiliza.

Mwaka wa 2009 alifika Kibera Mfaransa mmoja anayejulikana kwa jina la JR. Kazi yake ni kupiga watu wa kawaida picha, kisha kuzichapisha kubwa mno na kuzibandika mahali pa wazi. Huko Kibera aliwapiga picha akina mama, na nyuso na macho yao yakatandazwa juu ya mapaa, eneo la mita mraba 2,000 hivi.

Kwa kawaida JR hutumia karatasi. Lakini karatasi haizuii mvua, na mabati mengi ya Kibera yana matundu. Kwa hivyo alichapisha picha hizo kwenye turubai la plastiki lisilopitisha maji. Mama akapata picha ya kujivunia na pia paa lisilovuja masika.

Reli nayo haikusahaulika. Macho yalibandikwa kwenye mabehewa ya treni, na sehemu ya chini ya nyuso hizo ikawekwa kwenye mabati yaliyopangwa mtelemkoni, kando ya njia. Treni ilipopita, kwa nukta chache tu macho yalikutana na midomo, na uso mzima ukaonekana.

JR alisimulia hadharani mwaka wa 2011 kwamba alirudi Kibera baadaye, akakuta jicho moja kubwa juu ya mapaa limepungua kipande. Alipouliza kulikoni, aliambiwa kwamba mwenye nyumba hiyo alikuwa amehama tu! Msomaji, hilo lisikusikitishe. Kitu ambacho watu wamekikubali kuwa chao hakiwezi kukaa kama sanamu katika jumba la makumbusho. Maisha yao yakisonga, nacho husonga.

Miaka minne baadaye, kabla ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, wengi walikuwa na hofu kwamba ya 2008 yangejirudia. Vijana wa Kibera wa makabila mbalimbali, chini ya mradi ulioitwa Kibera Walls for Peace, walikutanishwa kuchora kuta pamoja. Waliongozwa na Mmarekani Joel Bergner akishirikiana na kundi la Kibera Hamlets. Kisha, kwa idhini ya kampuni iliyoendesha reli wakati huo, wao na wachoraji wa grafiti wa Nairobi walipaka treni ya abiria picha na maneno ya amani. Njia ileile iliyong'olewa kwa hasira sasa ilipitisha mabehewa yaliyopambwa na vijana.

Rangi haishibishi

Najua kuna msomaji anayenung'unika: "Watu hawana maji wala vyoo, nanyi mnawapelekea rangi?" Malalamiko hayo ni ya haki. Picha haichimbi kisima, na wala hakuna anayeweza kuapa kwamba treni moja yenye rangi ndiyo iliyoleta utulivu. Lakini ili kuchora ukuta wa mtaa, ni lazima majirani wakutane na kukubaliana jambo. Mtaa uliojifunza kukubaliana juu ya ukuta una pa kuanzia utakapotaka kudai maji.

Hayo waliyatambua huko Philadelphia, Marekani. Mwaka wa 1984, Meya Wilson Goode alianzisha mpango wa kukomesha maandishi ya ovyo kutani. Msanii Jane Golden aliajiriwa awashughulikie vijana waliokuwa wakiyaandika. Badala ya kuwatisha, aliwapa kuta halali na kuwafundisha. Mpango huo umezaa michoro zaidi ya 4,000 jijini humo.

Siri yao ni mikutano. Kabla ya rangi kufunguliwa, wakazi huitwa waseme wanataka kuona nini, na mchoro wa kwanza hurudishwa kwao waukosoe. Mara nyingi picha hugawanywa vipandevipande vya kitambaa chepesi, vikapakwa rangi mbali na ukuta, kisha vikabandikwa. Hivyo mwanafunzi akiwa darasani, mzee asiyeweza kupanda ngazi, hata mfungwa gerezani, wote wanaweza kushika brashi.

Anzeni na mmoja

Je, nawe ungependa kujaribu pale mtaani kwenu? Kwanza, tafuteni mwenye ukuta awape ruhusa kwa maandishi. Ukiwa wa umma, nendeni afisi za kaunti. Kuchora bila ruhusa ni kujitafutia kesi.

Pili, ulizeni watu. Msiishie kwa mwenyekiti wa mtaa. Waulizeni akina mama penye mfereji, wenye vioski, makanga stejini na watoto, maana hao ndio watakaoutazama kila siku. Bandikeni mchoro wenu wa karatasi kioskini kwa wiki moja na msikie lawama mapema.

Tatu, ukuta uoshwe, nyufa zizibwe na upakwe rangi ya msingi. Ukuta unaofyonza maji utabambua hata rangi ya bei ghali. Na mkiwa hapo, zibueni mtaro ulio chini yake, kwani picha nzuri juu ya uvundo ni aibu.

Mwisho, kubalianeni mapema nani atautunza. Rangi hufifia na vijana huhama, kama yule jamaa wa Kibera na kipande chake cha jicho. Hilo likitokea, msilie. Iteni mkutano mwingine, mchore upya.

Basi kesho ukipita kando ya ule ukuta wa kwanza, simama kidogo. Mwulize jirani aliye karibu nawe angetaka useme nini. Huenda hamjawahi kuzungumza tangu mhamie hapo.