Riwaya za hofu na mafumbo: Kwa nini msomaji wa Mowlem asikizwe

MWANAFUNZI wa Kenya anayesoma riwaya ya Kiswahili huulizwa mambo mengi: maudhui, sifa za wahusika, mbinu za lugha na ufaafu wa anwani. Swali moja tu ndilo huwa haliulizwi: je, kitabu chenyewe kilimkosesha usingizi, au kilimletea usingizi?

Swali hilo huonekana la kitoto. Hata hivyo, kwa riwaya za kutisha, za upelelezi na za fantasia, ndilo swali la kwanza. Riwaya ya kutisha isiyotisha imeshindwa na kazi yake, hata kama lugha yake ni tamu kama asali. Riwaya ya upelelezi ambayo msomaji hutambua mwuaji wake katika sura ya pili haiokolewi na methali.

Chukua mfano wa mama mwenye kibanda cha M-Pesa mtaani Mowlem, Eastlands, Nairobi. Kati ya mteja mmoja na mwingine yeye hufungua kitabu alichonunua kwa wachuuzi wanaotandaza vitabu vilivyotumika kandokando ya barabara za katikati ya jiji. Hana mtihani wa kufanya wala mhadhiri wa kumridhisha. Kitabu kikimchosha, hukiweka chini. Msomaji wa aina hii ndiye mhakiki asiyependelea, na hukumu yake juu ya vitabu vya Kiswahili ina uzito ambao wachapishaji wangefaidika kuusikia.

Tanzu tatu, hofu tatu

Kabla ya kupima kitabu, yafaa kujua kinaahidi nini. Riwaya ya upelelezi huahidi jibu. Mtindo wake wa kisasa ulianza na hadithi fupi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1841, kisha ukaenezwa na Arthur Conan Doyle, aliyemleta Sherlock Holmes mwaka 1887. Sharti lake kuu ni uadilifu: dalili zote ambazo mpelelezi anaziona, msomaji naye aonyeshwe.

Riwaya ya kutisha haiahidi jibu. Ahadi yake ni kwamba kuna kitu nyuma ya mlango. Mwandishi Mwingereza Ann Radcliffe, katika insha iliyochapishwa mwaka 1826 baada ya kifo chake, alitofautisha hofu ya kitu kisichoonekana bado na kinyaa cha kukiona waziwazi. Ya kwanza, alisema, huipanua nafsi. Ya pili huigandisha. Tofauti hiyo ingali kipimo kizuri hadi leo: mwandishi anayemwaga damu katika kila ukurasa mara nyingi ni yule aliyeshindwa kujenga taharuki.

Fantasia nayo huahidi ulimwengu mwingine wenye kanuni zake. Mnyama akisema, sawa. Ila akisema leo na kesho akose ulimi pasipo sababu, msomaji hujihisi amechezewa shere.

Waswahili hawakuyangoja mambo haya kutoka ng'ambo. Mazimwi ya ngano, majini ya pwani na mizimu ya makaburini vilikuwapo kabla ya kitabu cha kwanza kupigwa chapa. Shaaban Robert, katika Kusadikika (1951), aliumba nchi inayoelea angani. Katika Adili na Nduguze (1952) alisimulia kisa cha mtawala anayewachapa nyani wawili kila usiku, nao nyani hao ni ndugu zake wa toka nitoke. Msomaji asiye na haya ya kusema kweli atakiri mambo mawili: kwamba siri ya nyani hao humshika mtu mkono na kumvuta mbele, na kwamba maadili yanayotolewa kwa mapana na marefu humwachilia mkono huo kila baada ya kurasa chache.

Bwana Msa mizanini

Mwasisi wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla, mwanahabari wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka 1918. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la 1957-58 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, na ikachapishwa mwaka 1960. Baadaye zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo.

Shujaa wake, Bwana Msa, huvuta kiko kama Holmes, na rafikiye Najum huandamana naye kama Watson. Wapo wanaoona hapo kasoro ya kuiga. Lakini msomaji makini hugundua kwamba jambo la asili limo kwingine. Anwani za vitabu viwili vya mwanzo ni anwani za kutisha: mzimu, na Giningi, mahali ambapo kwa imani za Zanzibar wachawi hukutania. Watu wa mahali huwa tayari kuamini kwamba mauti yameletwa na wasioonekana. Bwana Msa hukataa, huchunguza, na kumtafuta binadamu aliyejificha nyuma ya jina la mzimu. Hilo ni funzo ambalo halijachakaa: mara nyingi anayefaidika na hofu ya watu ni mtu mwenye jina na anwani.

Sifa hizo zisizuie lawama inayostahili. Bwana Msa hujua mno. Mara kwa mara huona jambo, hutabasamu, akavuta kiko na kunyamaza, huku msomaji akiachwa gizani hadi maelezo marefu ya mwishoni. Kwa sharti la uadilifu lililotajwa hapo juu, huo ni ujanja. Aidha, Kiswahili chake cha Unguja, chenye mizaha na vijembe, humtaka msomaji wa Eastlands awe na kamusi karibu. Jasho hilo lina malipo yake, kwani mazungumzo ya wahusika wake yana uhai ambao riwaya nyingi za baadaye zimeukosa.

Jasusi na jiji

Upande wa pili wa upelelezi ni wa Elvis Musiba wa Tanzania na jasusi wake Willy Gamba. Katika Kufa na Kupona (1974), Gamba hufika Nairobi akifuatilia siri za harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kasi ni ya risasi. Sura huishia mahali ambapo kukiweka kitabu chini ni shida. Kwa mtu anayesoma ndani ya matatu Kangundo Road, foleni ikiwa haisongi, hakuna dawa iliyo bora.

Hata hivyo, mtu huyo huyo akishuka na kufikiri, ataona mapengo. Shujaa asiyeweza kufa hamtii mtu hofu. Wanawake wengi ni mapambo au mitego. Na jiji analopita Gamba ni jiji la hoteli na starehe. Mitaa ya mashariki, wanakolala wanaoliendesha jiji hilo, haimo. Kwa Kiingereza, Marjorie Oludhe Macgoye alitangulia kidogo kwa kutoa Murder in Majengo (1972). Kwa Kiswahili, mpelelezi wa kudumu anayejua vichochoro vya Umoja, Dandora au Kariobangi angali anasubiriwa.

Mizuka yenye siasa

Miaka ya 1990 na 2000 ilileta wimbi jingine. Katama Mkangi, mwanasosholojia aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, alichapisha Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake mkuu, Dzombo, hutiwa katika chombo cha angani kama adhabu ya kifo, lakini hutua katika nchi yenye haki ambayo jina lake ni fumbo: wale ni sisi. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), humleta babu aliyekufa amwandame mjukuu wake mkubwa serikalini, aitwaye K, na kumwonyesha dhiki ya watu anaowatawala. Mwaka 2002 Kyallo Wadi Wamitila alitoa Bina-Adamu!, safari ya kimuujiza inayopitia sehemu mbalimbali za dunia.

Wataalamu wamevipokea vitabu hivi kwa heshima kubwa, na haki yao. Lakini msomaji wa kibandani akiulizwa kwa siri, huenda akasema kwamba katika baadhi ya kurasa mzuka haumtishi kwa sababu anajua tayari anawakilisha nini. Hapo ndipo ugumu wa fantasia ya kisiasa ulipo. Istiara ikijifichua mapema, taharuki hufa. Babu Alipofufuka huinusuru hali hiyo pale inapomwacha K katika wasiwasi wa mtu asiyejua iwapo anaota au yu macho. Walenisi huteleza pale maelezo ya namna nchi bora inavyoendeshwa yanapochukua nafasi ya kisa.

Kinyume cha hayo ni Shetani Msalabani ya Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Ngugi aliiandika kwa Gikuyu akiwa gerezani Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za msalani. Tafsiri ya Kiswahili ilitoka mwaka 1982. Kitabu hiki hakianzi na shetani. Kinaanza na msichana aitwaye Wariinga anayefutwa kazi kwa kumkataa mkubwa wake, akaachwa na mpenziwe, kisha akatupiwa vitu nje na wahuni wa mwenye nyumba. Msomaji anapofika kwenye pango la mashindano ya wezi, tayari ameshatishika, kwani ameanza na hofu anayoijua. Mpangaji yeyote wa Mowlem anafahamu mgongo unavyosisimka hodi ya mwenye nyumba inapopigwa mwishoni mwa mwezi.

Kwa nini maoni ya wazi ni adimu

Sababu ya kwanza ni soko. Mhimili mkuu wa uchapishaji wa Kiswahili nchini ni shule. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa, huuzwa kwa wingi. Isipoteuliwa, huenda ikasahaulika. Mwandishi mwenye hadithi ya kutisha hujikuta akijiuliza kama jopo litaikubali, badala ya kujiuliza kama itamtisha mtu. Pamoja na riwaya teule huja miongozo, na baadhi ya wanafunzi husoma mwongozo wakakiacha kitabu.

Sababu ya pili ni adabu iliyopita kiasi. Kwa kuwa vitabu vya Kiswahili ni vichache, kukikosoa kimoja huonekana kama kumpiga mwana wa pekee. Matokeo yake ni sifa za jumla: riwaya "ina mafunzo mengi", mwandishi "amebobea". Sifa hizo hazimsaidii mwandishi kujua kwamba sura yake ya tano inachosha.

Tatu ni dharau ya zamani inayogawanya vitabu kuwa riwaya dhati na riwaya pendwa, kana kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa na uzito.

Hasara ya ukimya huu humwangukia msomaji chipukizi. Akikosa kitisho katika Kiswahili, atakitafuta katika Kiingereza na filamu za kigeni, na atakua akidhani kwamba lugha yake ni ya mtihani na mahubiri tu.

Namna ya kukipima kitabu

Hukumu ya wazi si matusi. Huhitaji maswali machache: kitabu kiliahidi nini, je, kilitimiza, ni ukurasa gani uliochosha, na ni picha ipi iliyobaki akilini kitabu kilipofungwa? Anayejibu hayo kwa mifano kutoka kitabuni amefanya uhakiki, awe na shahada au asiwe nayo.

Mahali pa kuanzia papo. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina matawi mawili Eastlands, Kaloleni na Makadara, ambayo shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, limeshiriki kuyafufua. Huduma ya maktaba ya kitaifa nayo ina tawi Buruburu. Kikundi cha wasomaji watano, kitabu kimoja kwa mwezi na daftari la maoni vinatosha. Daftari hilo likimfikia mchapishaji, litamweleza jambo ambalo hesabu za mauzo ya shuleni haziwezi kumweleza: mahali ambapo msomaji aliyekinunua kitabu kwa hiari yake alikiweka chini, na mahali alipokataa kukiweka hata mteja alipobisha dirishani.