Mpaka na Kura: Kitale na Bungoma Bungeni

Ukipanda matatu Webuye kuelekea Kitale, utapita Misikhu na Kamukuywa kabla ya kufika Kiminini. Njiani unatoka Kaunti ya Bungoma na kuingia Trans Nzoia, lakini usipoambiwa huenda usijue. Mahindi ni yale yale pande zote mbili, na salamu za Kibukusu husikika huku na huko. Hata hivyo, kwa karibu miaka 50 mpaka huo ulitenganisha Mkoa wa Magharibi na Mkoa wa Bonde la Ufa. Ndugu wa ukoo mmoja walipiga kura katika mikoa miwili, wakapeleka Nairobi wabunge waliohesabiwa katika kambi tofauti za kisiasa.

Historia ya ubunge katika eneo hili husimuliwa kwa majina ya wakubwa: Masinde Muliro, Wamalwa Kijana, Elijah Mwangale. Majina hayo yana uzito wake. Lakini kabla ya mtu kuchaguliwa, kuna aliyekaa na ramani akaamua nani atapiga kura pamoja na nani. Uamuzi huo umelipa eneo hili sauti au kulinyima kuliko hotuba yoyote ya jukwaani.

Kabla ya kura

Baraza la Kutunga Sheria la ukoloni lilianza kukutana mwaka 1907. Kuanzia 1920 walowezi Wazungu walichagua wajumbe wao 11, na wakulima waliochukua mashamba ya Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa miongoni mwa wapigakura hao. Mwafrika aliyelima mashamba yale yale hakuwa na kura. Mwaka 1924 aliteuliwa mmishenari, Dkt. John Arthur, azungumze kwa niaba ya Waafrika wote. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia barazani mwaka 1944, naye aliteuliwa na gavana.

Kura ya kwanza ya Waafrika ilipigwa Machi 1957, kwa viti vinane nchi nzima. Bungoma ilikuwa ndani ya jimbo la Nyanza Kaskazini. Kura zenyewe hazikuwa sawa. Mtu alipimwa kwa elimu, kipato au mali, umri na utumishi wa muda mrefu, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa hadi kura tatu. Mwalimu mzee mwenye mshahara mzuri alikuwa na uzito wa watu watatu, huku kijana kibarua asiyesoma akiwa hana hata kura moja. Kwa utaratibu huo Masinde Muliro, mzaliwa wa Kimilili aliyesomea Chuo Kikuu cha Cape Town, alimshinda W.W.W. Awori, mwanasiasa mkongwe aliyekuwa tayari barazani. Aliingia pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi, na wajumbe hao wanane wakaanza mara moja kudai viti zaidi.

Kitale iende wapi?

Uhuru ulipokaribia, swali la nani apige kura lilikuwa limejibiwa: kila mtu mzima. Likabaki la wapi. Chama cha KADU, ambacho Muliro alikuwa makamu wa rais wake, kilitaka serikali za majimbo, na mwaka 1962 tume ya mipaka ya majimbo ilizunguka nchini kusikiliza maoni. Waluhya, wakiwemo Wabukusu, waliitaka Kitale, mji wa Trans Nzoia, iwe upande wao. Wakalenjin waliitaka Bonde la Ufa. Mgogoro huo uliwakabilisha viongozi wawili wa chama kimoja, Muliro na Moi. Nao Wasabaot wa Mlima Elgon hawakutaka kuwekwa pamoja na Bungoma. Waliomba kuunganishwa na Bonde la Ufa.

Mwishowe Trans Nzoia iliwekwa Bonde la Ufa, na Bungoma pamoja na Mlima Elgon zikawa za Magharibi. Kila upande ulipata sehemu na kukosa sehemu. Mashamba ya walowezi yalipoanza kugawanywa na kununuliwa, Wabukusu wengi walihamia Trans Nzoia, na idadi yao ikawafanya wawe nguvu kubwa ya kura katika mkoa ambao siasa zake ziliongozwa na wengine. Muliro mwenyewe alikuwa mbunge wa Trans Nzoia kuanzia 1963.

Juni 1975

Thamani ya mbunge kuwa na wapigakura wake mwenyewe ilionekana baada ya mauaji ya J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Machi 1975. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi, na mwenyekiti akawa Elijah Mwangale, mbunge kutoka Bungoma. Ripoti ilipofikishwa bungeni mwezi Juni, serikali haikutaka ikubaliwe. Muliro alikuwa waziri, na waziri hutarajiwa kusimama na serikali. Alipiga kura pamoja na walioikubali ripoti. Rais Kenyatta alimfuta kazi, yeye pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu.

Uwaziri ulikwisha, lakini ubunge ukabaki, kwa sababu huo alikuwa amepewa na watu wa Trans Nzoia. Hapo ndipo uwakilishi unapokuwa na maana kamili: mtu anaweza kusema ukweli mbele ya mwenye nchi na bado akabaki na kiti.

Kugawanya na kuongeza

Kadiri watu walivyoongezeka, maeneobunge yaligawanywa. Mwaka 1979 Wamalwa Kijana, ambaye baba yake William alikuwa seneta wakati wa uhuru, alichaguliwa Kitale Magharibi. Siasa za vyama vingi ziliporudi mwaka 1992, Trans Nzoia ilikuwa na maeneobunge matatu: Kwanza, Saboti na Cherangany. Muliro, mmoja wa waanzilishi wa chama cha upinzani cha FORD, alifariki Agosti mwaka huo kabla ya uchaguzi. Wamalwa alichukua Saboti, na huko Kimilili, Mukhisa Kituyi akamng'oa Mwangale. Wamalwa alikuwa Makamu wa Rais alipofariki Agosti 2003.

Katiba ya 2010 ilifuta mikoa na kuirudisha Seneti iliyovunjwa mwaka 1966. Tangu 2013 Trans Nzoia ina maeneobunge matano na Bungoma tisa, kila kaunti ikiwa pia na seneta na mwakilishi wa wanawake. Seneta wa kwanza wa Bungoma chini ya Katiba hiyo, Moses Wetang'ula, ndiye Spika wa Bunge la Kitaifa tangu 2022.

Hesabu ya leo

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 990,341 Trans Nzoia na 1,670,570 Bungoma. Ukigawanya, mbunge mmoja wa Trans Nzoia anawakilisha wastani wa watu 198,000, na wa Bungoma 185,600. Wastani wa nchi ni 164,000. Lamu, yenye maeneobunge mawili, kila mbunge ana watu 72,000 hivi. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za maendeleo ya maeneobunge hugawanywa sawa kwa sawa, mwanafunzi wa Kiminini anayeomba basari kutoka fedha hizo anashindana na wengi zaidi kuliko mwenzake wa Lamu.

Hesabu peke yake haitoshi. Lamu ina visiwa na safari ndefu za baharini, na eneobunge la Mlima Elgon linawapa Wasabaot sauti ambayo wingi wa Wabukusu wa Bungoma ungeifunika. Ndiyo maana Katiba inaruhusu tofauti ya hadi asilimia 30 kutoka wastani, au 40 kwa miji na sehemu zenye watu wachache, na inataka historia na utamaduni vizingatiwe. Lakini inataka pia mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda huo ulipita Machi 2024, wakati tume ya uchaguzi ilikuwa haina makamishna.

Maeneobunge ni 290, na idadi hiyo haiwezi kuongezwa bila kubadilisha Katiba. Likiongezwa moja Trans Nzoia, lazima lipungue moja kwingine. Kwa hiyo mikutano ya maoni kuhusu mipaka, ambayo mara nyingi huachiwa wanasiasa na wazee wachache, inastahili kujaa kama mikutano ya kampeni. Mwaka 1962 tume ilisikiliza waliojitokeza, na mpaka uliotokana na uamuzi wa wakati huo ulidumu kizazi kizima. Mpigakura wa Kitale au Bungoma anayetaka kura yake iwe na uzito sawa na ya wengine aanze kazi hapo, akiwa na takwimu za kata yake mkononi, miaka kadhaa kabla ya jina la mgombea yeyote kuchapishwa.