Maandazi ya Alhamisi ya Mafuta

Jinsi jamaa za Polandi zinavyoyapika nyumbani, na kwa sababu gani

Huko Polandi, nchi alikozaliwa Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, Alhamisi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu huitwa Alhamisi ya Mafuta. Siku hiyo tajiri na maskini, wa mjini na wa shamba, hula andazi la duara lenye jamu tumboni. Moja huitwa pączek, na yakiwa mengi ni pączki. Hutamkwa karibu na "ponchki". Siku hizi wengi huyanunua, nao hupanga foleni asubuhi mbele ya maduka ya mikate. Lakini ya nyumbani yana sifa yake, na mama ajuaye kupika maandazi yetu amekwisha kujua nusu ya kazi.

Wapolandi si wageni kabisa kwetu. Tangu mwaka 1942 maelfu ya wakimbizi wao, wengi akina mama na watoto, walipokelewa Afrika ya Mashariki wakati wa vita. Kambi moja kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, na makaburi yao yapo pale hata leo. Nyingine ilikuwa karibu na Masindi, Uganda, na kanisa walilolijenga huko bado limesimama.

Basi tuulize: kwa nini Alhamisi ile? Hapo kale Kwaresima ilikuwa kali kuliko leo. Wakristo wa Ulaya hawakuacha nyama tu; waliacha pia mayai, maziwa, siagi na mafuta ya wanyama. Nyumba yenye kuku na nguruwe ingefanya nini na mayai na mafuta yaliyobaki? Kuyatupa ni vibaya. Kuyaweka ni kuyaacha yaoze, tena ni kujitafutia kishawishi. Kwa hiyo waliyapika, wakala na jirani zao, kisha wakaanza kufunga ghala ikiwa tupu. Desturi hii haikuzaliwa na ulafi. Ilizaliwa na watu waliokusudia kweli kufunga.

Andazi lenyewe halikuwa laini tangu mwanzo. Padre mmoja Mpolandi, Jędrzej Kitowicz, aliyefariki mwaka 1804, aliandika kitabu juu ya desturi za nchi yake wakati wa Mfalme Augusto wa Tatu, aliyetawala tangu 1733 hadi 1763. Anasimulia kwamba andazi la zamani, ukimpiga mtu nalo jichoni, lingeweza kumvimbisha. Lakini wapishi wa siku zake walikwisha kujifunza kuyafanya mepesi, hata ukilibana moja mkononi lilivimba tena kama sponji. Sasa tuone namna ya kupata wepesi huo.

Vitu vya kutafuta. Kwa maandazi 16 yatakiwa unga wa ngano nusu kilo, maziwa robo lita, viini vya mayai 5, sukari vijiko 5 vya chakula, siagi gramu 60, hamira kavu vijiko 2 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, na mafuta ya kukaangia lita moja au zaidi. Wapolandi wa zamani walitumia mafuta ya nguruwe. Ya alizeti yafaa pia. Tena hutia kijiko kimoja cha pombe kali katika unga, ili andazi lisinywe mafuta mengi. Wengine hutia siki badala yake. Ute wa mayai usitupwe. Ukaange na mboga kwa chakula cha jioni.

Jamu. Huko kwao hupenda jamu ya maua ya waridi yaliyosuguliwa na sukari, au ya plamu zilizochemshwa saa nyingi mpaka zikawa nzito na nyeusi. Watu wa Lushoto wanazo plamu. Mwenye mapera au nanasi atumie hayo. Sharti ni moja: jamu iwe nzito. Ikiwa ya majimaji itapasua andazi, itamwagika ndani ya mafuta ya moto, na mafuta yataruka.

Kukanda. Pasha maziwa yawe vuguvugu, si ya moto. Tia hamira, kijiko kimoja cha ile sukari, na konzi moja ya unga. Ngoja dakika 15. Isipotoa povu, hamira hiyo imekufa. Ni afadhali kujua sasa kuliko baada ya kuvunja mayai matano. Piga viini pamoja na sukari iliyobaki, changanya na unga, chumvi, maziwa yenye hamira, na kile kijiko cha pombe au siki. Kanda. Mwisho tia siagi iliyoyeyushwa, ukande tena kwa robo saa mpaka donge liache kushika mkono. Usiongeze unga ovyo, maana unga mwingi ndio unaorudisha andazi gumu la zamani.

Kuumua. Funika kwa kitambaa mahali penye joto mpaka donge liwe mara mbili, yapata saa moja au moja na nusu. Kata vipande 16. Kila kipande kitandaze kiganjani, weka kijiko kidogo cha jamu katikati, kusanya kingo na uzibane sana. Vipange juu ya kitambaa chenye unga, mahali palipobanwa pakiwa chini. Viache viumuke tena nusu saa au zaidi. Wenye haraka huharibu kazi hapa.

Kukaanga. Mafuta yawe na kina cha kutosha andazi kuelea. Tia ncha ya mwiko wa mti mkavu: povu dogo likiuzunguka taratibu, moto unatosha. Yakitoa moshi, yamezidi. Andazi litakuwa jeusi nje na bichi ndani. Yakiwa baridi, litakunywa mafuta. Kaanga matatu au manne kwa mara moja, upande wa juu ukitangulia kuingia, dakika mbili au tatu kila upande. Andazi lililoumuka vizuri huelea nusu nje ya mafuta, nalo hubaki na mstari mweupe kiunoni. Mama wa Kipolandi huutazama mstari huo kwanza. Yaopoe, yachuje mafuta, yanyunyizie sukari.

Watoto wakae mbali na karai. Mafuta yakishika moto, usimwage maji kamwe. Ondoa kuni, funika kwa mfuniko, uache yapoe.

Siku yenyewe huhesabiwa hivi. Jumatano ya Majivu huwa siku 46 kabla ya Pasaka, na Alhamisi ya Mafuta siku 52 kabla yake. Mwaka 2027 Pasaka ni tarehe 28 Machi. Kwa hiyo Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, na Alhamisi ya Mafuta tarehe 4 Februari.

Siku hizi Kanisa halitukatazi mayai na maziwa wakati wa Kwaresima. Sheria ya mwaka 1983 imetuwekea Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kuwa siku za kufunga, na kuacha nyama siku za Ijumaa. Basi ni rahisi sana kuichukua Alhamisi ya Wapolandi na kusahau siku zinazoifuata. Nyumba iliyokula mafuta Alhamisi, ikaendelea kula hivyohivyo mpaka Pasaka, imepata maandazi tu.

Yafaa baba na mama wapatane mapema. Yakipikwa, yahesabiwe: kila mtoto apate lake, na mgonjwa wa jirani asisahauliwe. Ikifika Jumatano ya Majivu, karai lioshwe na kutundikwa. Fedha ambayo ingenunua mafuta na sukari iwekwe mkebeni kila juma mbele ya watoto, waione ikiongezeka, na kabla ya Pasaka wao wenyewe waipeleke kwa mwenye shida.